Mtoto Anayeamka Usiku: Tutafute Sababu Kabla ya Kumnyamazisha

Mazungumzo yaliyotolewa na ofisi ya Mratibu wa Mradi wa Malezi na Afya ya Mtoto wa Dayosisi, katika semina ya siku moja kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo



  Watoto wakilia humu ndani tunaomba msiwatoe nje. Wao ndio wenye mada.

Tangazo la semina hii liliposomwa kanisani tumesikia kwamba watu walicheka. Mradi umefundisha kilimo cha parachichi, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kuweka na kukopa, na sasa umefika mpaka kitandani! Mzee mmoja ametuuliza asubuhi hii mlangoni kama siku hizi kulala nako kunahitaji mfadhili. Ni swali la haki. Tutalijibu kwa kuwasimulia jambo lililotuleta hapa, na mwenyewe ameturuhusu tulisimulie ila jina lake na usharika wake tusivitaje.

Mama huyo anaishi huku huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, katika chumba kimoja cha kupanga. Ukuta ni wa mbao, na upande wa pili kuna mpangaji mwingine. Mume wake anapasua mbao, kwa hiyo hulala msituni wiki nzima. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua wa kuchuma chai, akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mtoto wao alikuwa na miezi 14, na alikuwa akiamka mara nne au tano kila usiku, akilia na kujinyonganyonga. Jirani akawa anagonga ukuta. Mwenye nyumba akamwita mama huyo kumwonya. Wengine walisema mtoto ana mchango, wengine wakanong'ona kwamba amebemendwa, na mmoja akashauri achanjwe chale. Hatimaye mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia: mpe ile dawa ya maji ya mafua, kijiko kimoja tu, na wewe utalala kama watu wengine.

Alimpa. Mtoto akalala fofofo. Mama naye akalala, kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, hivyo ndivyo alivyotuambia. Kesho yake akampa tena. Baada ya wiki tatu kijiko kimoja hakikutosha, akaongeza nusu, kisha usiku mmoja akafikisha vijiko vitatu. Alfajiri alipotaka kumfunga mgongoni, mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoloweshwa. Alimwita, akampiga kofi dogo kwenye nyayo, hakufumbua macho. Pumzi ilikuja kwa mbali. Jirani yule yule wa kugonga ukuta ndiye aliyewapakia kwenye pikipiki na kuwakimbiza kituo cha afya.

Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Sasa anakimbiza kuku wa jirani huyo. Lakini sikilizeni alichokikuta tabibu. Alipomvua nguo ili ampime, aliona mikwaruzo ya kucha kwenye makalio, mipya na ya zamani. Mtoto alikuwa na minyoo ile midogo myeupe kama vipande vya uzi. Mnyoo jike wa aina hiyo hutoka usiku na kutaga mayai kuzunguka njia ya haja kubwa, na hapo ndipo muwasho unapoanza. Kila usiku mtoto alikuwa akiwashwa, kila usiku alimwambia mama yake kwa lugha pekee aliyo nayo, na sisi wote tukawa tunatafuta namna ya kumfunga mdomo.

Tunasema "sisi wote" kwa sababu na ofisi yetu imo. Mama huyo alikuwa amehudhuria semina yetu ya malezi wakati wa mimba. Tulikuwa na kijitabu kilichotafsiriwa kutoka nje, nasi tukakifundisha kama kilivyo: mtoto akifikisha miezi sita alazwe chumbani kwake, mlango ufungwe, aachwe alie mpaka azoee. Bibi mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Chumba kipi?" Watu wakacheka, nasi tukafungua ukurasa uliofuata. Hatukumjibu bibi yule. Mama huyu alitoka pale akiamini kwamba mtoto anayeamka usiku ni mtoto aliyedekezwa, na kwamba aibu ni ya mama. Mtu mwenye aibu hamwendei tabibu kuuliza. Humsikiliza anayemwonyesha njia ya mkato.

Tuwe waaminifu pia kwa upande wa pili. Hatusemi kwamba kumzoesha mtoto kulala kwa utaratibu ni ukatili. Huko Australia watafiti waliwafuatilia watoto ambao wazazi wao walielekezwa kuwaacha kwa vipindi vifupi na kurudi kuwatuliza, na mwaka 2012 walitoa taarifa kwamba watoto hao walipofikia miaka sita hawakuonekana na madhara yoyote. Lakini wazazi wale walikuwa na wauguzi wa kuwaongoza, na walirudi kitandani kumwangalia mtoto. Kilichofika kwetu ni mlango uliofungwa tu, bila muuguzi na bila chumba.

Tulipokuwa tukiandaa mazungumzo haya tulirudi kwenye 1 Samweli sura ya 3. Wengi wetu tumelisoma simulizi lile kama habari ya mtoto mtiifu. Safari hii lisomeni kama mtu aliyeamshwa usiku. Mzee Eli macho yake yamefifia, amelala, na mtoto anakuja kumwamsha akidai ameitwa. Anamwambia hakumwita, arudi akalale. Mtoto anarudi, kisha anakuja tena, na anapewa jibu lile lile. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Eli alimkemea. Na mara ya tatu mzee anakaa na kufikiri, ndipo anapotambua kwamba kuna kitu hasa kinachomwamsha kijana huyu. Eli alikuwa na makosa mengi katika kuwalea wanawe, Biblia haifichi. Lakini usiku ule alifanya kazi yake vizuri kuliko sisi na kijitabu chetu.

Basi tuanze na swali: mtoto anayeamka ana shida, au sisi tunatarajia kisichokuwepo?

Mtoto mchanga hajui usiku wala mchana. Saa iliyo ndani ya mwili, ile inayokufanya usinzie giza likiingia, huanza kushika mwendo wake polepole katika miezi miwili hadi minne ya kwanza. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama humeng'enywa haraka, hivyo anaamka kunyonya, na anapaswa kuamka. Tena homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Mama anayenyonyesha usiku analinda maziwa yake ya mchana. Kilio cha jioni bila sababu inayoonekana huongezeka mpaka karibu wiki ya sita, kisha hupungua, na kwa wengi huisha kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Hicho si mchango wala hakihitaji chale. Kinahitaji mikono ya kupokezana.

Hata mtoto mkubwa kidogo hulala kwa vipindi. Kila baada ya saa moja hivi usingizi wake hupanda juu, anaingia katika mang'amung'amu, anageuka, pengine anafumbua macho, kisha anazama tena. Sisi wakubwa nasi tunafanya hivyo, ila asubuhi hatukumbuki. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo kuhusu watoto mia kadhaa: katika umri wa mwaka mmoja, zaidi ya robo walikuwa bado hawalali saa sita mfululizo, na hawakuonekana kuachwa nyuma na wenzao katika ukuaji wa akili wala wa viungo. Kwa hiyo jirani akikuambia wa kwake alilala usiku kucha tangu miezi miwili, mshukuru Mungu pamoja naye, usimchukie wa kwako.

Kinachotakiwa kuhesabiwa ni usingizi wa siku nzima, pamoja na ule wa mchana. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2019 limetaja saa 14 hadi 17 kwa mtoto wa miezi mitatu ya kwanza, saa 12 hadi 16 kwa wa miezi 4 hadi 11, saa 11 hadi 14 kwa wa mwaka mmoja na wa miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu na minne. Mtoto wa miaka mitatu anayelala saa nne usiku pamoja na baba na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi amepungukiwa, hata kama hakulia.

Sasa tuje kwenye vitu vinavyowaamsha. Tumezunguka sharika nyingi tukiuliza, na tumeona kwamba majibu mengi yapo ndani ya nyumba zetu.

Minyoo tumeshaitaja. Mwangalie mtoto kwa tochi anapolia katikati ya usiku. Mara nyingi utaiona kwa macho yako. Dawa yake ipo na si ghali, lakini ulizeni zahanati kipimo kwa umri wa mtoto. Familia nzima hutibiwa siku moja, na dawa hurudiwa baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hubaki kwenye shuka na chini ya kucha. Kateni kucha, fueni shuka, mwogesheni mtoto asubuhi. Kampeni za matone ya vitamini A zinapofika, watoto kuanzia mwaka mmoja hupewa pia dawa ya minyoo, hivyo msizikwepe. Upele nao huwasha zaidi usiku, penye joto la blanketi. Ukiona vipele katikati ya vidole, kwenye viganja au kiunoni, na wewe mwenyewe unajikuna, msipake mafuta ya taa. Hapa pia hutibiwa nyumba nzima, maana ukimtibu mtoto peke yake, wiki ijayo mtamrudishia.

Njaa. Hapa tunawaomba kinamama msikasirike. Mtoto aliyezidi miezi sita akipewa uji mwepesi wa mahindi matupu saa kumi na mbili jioni, saa sita za usiku tumbo lake liko wazi. Uzito wa uji hautokani na wingi wa maji. Tunayo parachichi hapa kwetu mpaka zinaoza chini ya miti, tunayo maharage, viazi, maziwa, karanga zinazotoka mabondeni. Pondeni parachichi ndani ya uji wa jioni. Lakini msianze uji kabla ya miezi sita kwa sababu ya usingizi. Tumekuta watoto wa miezi mitatu wakipewa "ili washibe walale", matokeo yake ni kuhara na mama kupungukiwa maziwa, na hapo hakuna atakayelala ndani ya nyumba.

Baridi. Juni na Julai huku kwetu kila mtu anaijua. Mtoto huamka kwa sababu amejikojolea na maji yamekuwa barafu mgongoni. Mvalisheni sweta na soksi, wekeni plastiki chini ya shuka, na wekeni nepi na shuka kavu karibu na kitanda ili usiku msiwashe taa kubwa na kuanza kupekua masanduku. Kofia ni ya nje na ya safarini. Usiku mvueni, inaweza kuteleza ikamfunika uso.

Na hapa tunasimama kidogo, kwa sababu suala hili ni la uhai. Usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala. Hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi, hata kama umefunikwa jivu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa safi, na anayeivuta huumwa kichwa, hulegea, hulala, basi. Wachungaji waliopo hapa wamewahi kuzika watu wa namna hiyo, na tunajua kijijini ilisemwa ni uchawi. Kama chumba ni cha baridi, otesheni maji jikoni, myatie kwenye chupa, mfunge kizibo vizuri, mpashe godoro, kisha muitoe chupa kabla ya kumlaza mtoto.

Kuhusu mbu, sisi wa milimani tumezoea kusema malaria ni ya mabondeni. Ni kweli kwamba huku ni kidogo. Lakini wengi wenu mna mashamba ya mpunga Usangu na mnakwenda na watoto. Mbu wa malaria huuma usiku, na mtoto aliyeumwa naye hulia kwa muwasho leo na kwa homa wiki mbili zijazo. Wenye umri wetu mnakumbuka Hati Punguzo, iliyoanza mwaka 2004 na kukoma mwaka 2014. Siku hizi kliniki ndiko wajawazito na watoto wanakopewa vyandarua. Tumeona vingine vimezungushiwa bustani za mchicha. Hatutamtaja mtu.

Pua iliyoziba na sikio linalouma huwa vibaya zaidi mtoto akilala chini. Mtoto anayelia akilazwa na kunyamaza akiinuliwa, anayevuta sikio, mwenye homa, huyo hana ukaidi, apelekwe zahanati. Vilevile anayekoroma kila usiku na kuonekana kama anakata pumzi kisha anashtuka: msimcheke kwamba anakoroma kama babu yake.

Turudi kwenye dawa. Dawa za mafua za kulevya usingizi hazikutengenezwa ili kumlaza mtoto mzima wa afya. Zikizidi hupunguza pumzi, au humtia mtoto degedege. Uingereza tangu mwaka 2009 imeshauri kwamba dawa za maji za kikohozi na mafua zinazouzwa bila cheti asipewe mtoto wa chini ya miaka 6. Na si kila chupa ina kile kilichoandikwa. Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari juu ya dawa nne za maji za aina hiyo zilizokutwa na kemikali ya sumu, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia. Wazazi wa watoto wale walikuwa wakitibu mafua na homa, hawakuwa wazembe. Sembuse sisi tunaomnywesha mtoto asiyeumwa.

Na ulanzi. Tunajua, na ninyi mnajua. Ukiwa mtamu, wa asubuhi, watu husema ni juisi tu. Juisi hiyo hiyo jioni imeshachacha. Kijiko kinachomsinziza mtoto kimemlewesha mtoto, hakuna jina lingine la kukipa. Asali nayo, kwa wale mnaopaka ulimini, asipewe mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi.

Tukishaondoa yanayomwamsha, ndipo tunaweza kumsaidia kuzoea. Utaratibu wenyewe ni mdogo. Asubuhi mtoto aone jua. Mtoeni nje mapema, mwanga ndio unaoirekebisha ile saa ya mwilini. Usingizi wa mchana usivuke saa kumi jioni. Usiku kila siku mambo yafuatane kwa mpango ule ule: kula, kunawishwa, nguo ya kulalia, wimbo, sala, kitanda. Wimbo uwe mmoja. Mtoto hasikii maneno yake kama sisi tunavyoyasikia, anasikia kwamba sasa ni usiku. Saa mbili ni muda mzuri kwa walio wengi. Simu na televisheni zizimwe mapema. WHO katika mwongozo ule ule inasema mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kumshikisha simu ili atulie ni kumsogezea usingizi mbele.

Mlazeni akiwa amesinzia lakini hajazama. Akizama kifuani na kuamka kwenye godoro, atatafuta kifua. Akizama akijua yuko kitandani, akiamka katika yale mang'amung'amu atajikuta mahali alipopaacha. Akilia, subirini kidogo, maana vilio vingine hujifia vyenyewe. Kisha mwendeeni, mguse, mwambie upo, msiwashe taa wala kuanza mazungumzo. Chumba kimoja si kikwazo kwa hayo yote. Na bibi yule tungemjibu leo hivi: chumba hiki hiki, mama, pembeni ya kitanda chako.

Mtoto wa chini ya mwaka alazwe chali. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Blanketi zito lisifike usoni. Wengi wetu tunalala na watoto wetu kitanda kimoja, na hatutawadanganya kwamba kesho mtanunua vitanda. Lakini mtu aliyekunywa, awe baba au mama, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga usiku huo. Avute mkeka.

Kinababa, sasa ni zamu yenu, na tunawaona mnaangalia saa. Mama anayeamka mara tano kisha akaenda shambani ndiye anayefikia kukamata chupa. Hatumtetei, tunawaeleza njia aliyopitia. Ninyi hamwezi kunyonyesha, lakini mnaweza kumpokea mtoto akishashiba, kumcheulisha, kumbadilisha na kumbembeleza. Hasira ikikupanda usimtikise mtoto kamwe. Ubongo wake unaumia bila alama ya nje. Mlaze mahali salama, toka nje, vuta pumzi, rudi. Jumuiya moja tuliyoitembelea imepanga kwamba kila mama mwenye mtoto mchanga atachukuliwa mtoto wake saa mbili kila Jumamosi mchana ili alale. Walianza wanawake watatu tu. Sasa hata wazee wa kiume wanashika watoto, na tumeambiwa ugomvi wa ukoo umepungua, ingawa hilo hatukulipima. Na kama mama hapati usingizi hata mtoto akilala, analia bila sababu, au anapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni hali inayotibika. Asiambiwe ana imani haba. Asindikizwe kliniki.

Mwisho kabisa ni matangazo. Tuliwaomba katika barua mje na chupa za dawa za watoto mlizo nazo nyumbani. Tabibu atakuwa ofisi ya usharika baada ya chai. Atawaambia ipi ni ya kubaki nayo na kwa kipimo gani, na ipi itumbukizwe katika sanduku lililo karibu na mlango. Wenye watoto wanaokoroma au wanaojikuna usiku waanze kwake. Yule mama tuliyemsimulia alileta chupa yake ofisini kwetu siku ya tatu baada ya kutoka kituo cha afya, ikiwa bado na nusu, ndiyo ya kwanza iliyo ndani ya sanduku hilo. Hakuna atakayeandika majina.

 Chai iko tayari.